Aya Juu ya Ukuta wa Buluu

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 walipenda mno kuzichora nchi za Kiislamu. Walichora masoko na misikiti, hamamu na majangwa, ngamia na mafarasi, na hata vyumba vya wanawake ambavyo mwanamume mgeni hakuruhusiwa kuchungulia wala kwa tundu ya ufunguo. Matajiri wa Paris, London na New York walizinunua picha hizo kwa fedha nyingi, na wasio na uwezo huo walinunua nakala zilizopigwa chapa, wakazitundika kwao. Hivyo ndivyo watu wengi wasiopata kumwona Mwislamu kwa macho yao walivyodhani kuwa wamekwisha kumjua.

Katika picha zote za namna hiyo, iliyo mashuhuri kupita nyingine ni ile iitwayo Mchezesha Nyoka, aliyoichora Mfaransa Jean-Léon Gérôme mnamo mwaka 1879. Leo imetundikwa katika jumba la makumbusho la Clark, mjini Williamstown, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni mji mdogo ulio katikati ya vilima na misitu, mbali na pwani, na mbali zaidi na nchi zinazodaiwa kuonyeshwa katika picha hiyo. Wala picha yenyewe si kubwa: upana wake ni sentimita 121 na kimo chake ni sentimita 82. Meza ya kulia chakula ya watu wanne yaweza kuifunika.

Tuieleze kwa msomaji asiyepata kuiona. Ni ukumbi wenye sakafu ya mawe. Katikati kimetandikwa kijizulia, na juu yake amesimama mtoto wa kiume aliyetupa mgongo, hana nguo, na chatu mnene amemzunguka kiunoni na kupanda begani. Ubavuni pake amekaa mzee akipiga filimbi. Mbele yao, wameegemea ukuta, wako wanaume wenye silaha, kila mmoja na vazi lake na kilemba chake, ungesema wametoka katika makabila kumi wakakutana hapo kwa bahati. Wanatazama. Hawana kazi nyingine ila kutazama. Jambo la mtoto yule hatutalieleza zaidi, kwani wasomaji wetu ni wazazi na watoto pamoja. Yatosha kusema kuwa hakuna mzazi, wa dini yoyote, ambaye angeridhika kumwona mwanawe akisimamishwa hivyo mbele ya wanaume wageni.

Nyuma ya watu hao ndiko uliko uzuri wote wa picha. Ni ukuta wa vigae vya rangi ya buluu na kijanibuluu, vyenye maua na matawi yaliyosukana, umechorwa kwa ustadi hata mtu hutaka kunyosha mkono aguse ubaridi wake. Na juu ya ukuta huo, kutoka kulia kwenda kushoto, umepita mkanda wa maandishi ya Kiarabu kwa khati ya thuluth, herufi kubwa na zilizo wazi.

Hapo ndipo Mwislamu asimame kidogo. Maandishi hayo si urembo mtupu, wala si herufi za kubuni kama zilivyo katika picha nyingi za Wazungu. Yanasomeka. Ni aya ya 256 ya Suratul Baqara, ile inayoifuata Ayatul Kursiy moja kwa moja. Na mchoraji ameiandika mpaka mwisho wake, ndipo maneno mengine yaliyobaki yakakatika pembeni. Ayatul Kursiy hatuna haja ya kuieleza, maana katika pwani yetu nyumba nyingi zimeitundika juu ya mlango ama sebuleni, na watoto hulala baada ya kuisoma. Na mtoto wa chuoni aliyefika juzuu ya tatu amekwisha kuipita na hii inayoifuata, mwanzoni kabisa mwa juzuu hiyo. Ndiyo aya inayokataza watu kutiwa katika dini kwa nguvu.

Basi tazama ajabu hiyo. Kwa muda wa karne nyingi watu wa Ulaya wameandika na kuhubiri kwamba Uislamu ulienezwa kwa ncha ya upanga. Mchoraji naye akawakusanya wanaume wenye panga, akawaketisha chini, akawafanya wavivu na wa kutisha kwa pamoja. Kisha juu ya vichwa vyao, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika aya inayowakanusha wasemao hivyo. Walioinunua picha hawakuweza kuisoma. Waliomiminika kuitazama hawakuweza kuisoma. Ukuta ulikuwa ukisema, nao wakauona kuwa ni maua tu.

Mchoraji huyu alikuwa nani? Alizaliwa tarehe 11 Mei 1824 katika mji wa Vesoul, mashariki ya Ufaransa, baba yake akiwa sonara. Na yamkini mtu akaona usonara huo katika kazi ya mwanawe, kwani alikuwa na subira ya kuchora uzi mmoja mmoja wa zulia. Alisomea Paris kwa mwalimu Paul Delaroche. Mwaka 1856 alikuwa Misri kwa mara ya kwanza, na miongoni mwa wenziwe safarini alikuwako kijana Bartholdi, yule ambaye baadaye alitengeneza Sanamu ya Uhuru iliyo mlangoni mwa bandari ya New York. Tangu hapo Gérôme alirudi Mashariki mara nyingi. Lakini picha zake kubwa hakuzichorea huko. Alirudi Paris na nguo, silaha, michoro midogo na picha za kamera, kisha katika chumba chake cha kazi akawavika nguo hizo watu wa kukodi, akachora.

Ndiyo sababu pahali panapoonekana katika Mchezesha Nyoka hapako popote duniani. Vigae ni vya kasri la Topkapi, Istanbul, ambako Gérôme alifika mwaka 1875, na picha za kamera za vigae vya namna hiyo zilikuwa zikipigwa na ndugu wa Abdullah, wapiga picha mashuhuri wa mji huo. Mchezo wa nyoka ni wa Misri: Mfaransa mwingine, Maxime Du Camp, aliuona Cairo katika safari yake ya 1849 hadi 1851 akauandika, wala haukuwa desturi ya Waturuki, sembuse ndani ya kasri la masultani. Watu wale wenye silaha wameokotwa huku na huku. Na nyoka je? Mtaalamu mmoja wa nyoka wa Marekani alipoulizwa, alisema kuwa anafanana zaidi na chatu wa Amerika ya Kusini kuliko nyoka mwingine yeyote. Maskini mnyama huyo, amevushwa bahari ya Atlantiki ili aje kuwashuhudia Waislamu uvivu wao!

Insafu yatutaka tuseme na mema yake. Gérôme hakuwa mtu wa kejeli siku zote. Mwaka 1865 alichora watu wakisali juu ya madari ya nyumba za Cairo, minara ikionekana kwa mbali na anga likibadilika rangi. Picha hiyo iko Hamburg, Ujerumani, na aliyeichora alisimama kimya akatazama sala kwa heshima. Mtu mwenye macho kama hayo angaliweza kutupa mengi. Lakini soko lilitaka mengine, naye alikuwa karibu mno na soko: mwaka 1863 alimwoa Marie, binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara mkubwa wa picha wa Paris, ambaye nakala zake zilisambazwa Ulaya na Marekani.

Khabari za bei ya Mchezesha Nyoka zina mazingatio. Mwaka 1880 nyumba ya Goupil iliiuza kwa Mmarekani Albert Spencer kwa faranga 75,000. Mwaka 1888 Spencer akaiuza kwa tajiri Alfred Corning Clark kwa dola 19,500. Baada ya hapo watu wakazichoka picha za namna hiyo, wakaanza kupenda michoro ya kisasa; na mwaka 1942 mwana wa tajiri huyo, Robert Sterling Clark, alipoinunua tena picha iliyokuwa ya baba yake, alilipa dola 500 tu. Ndiye aliyeijenga makumbusho ya Williamstown, iliyofunguliwa mwaka 1955.

Ingaliweza kusahauliwa humo. Lakini mwaka 1978 Edward Said, mwanachuoni Mpalestina aliyezaliwa Jerusalem, alitoa kitabu chake Orientalism, kinachoeleza jinsi watu wa Magharibi walivyojitungia Mashariki ya kwao wenyewe, na jalada lake likapambwa kwa kipande cha picha hii. Ndani ya kitabu Said hakuizungumza hata kidogo, jalada lilitosha. Miaka mitano baadaye, mwaka 1983, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, Linda Nochlin, akaichambua kwa makala yake mashuhuri. Alionyesha kuwa vigae vya chini ya ukuta vimechorwa vikiwa vimebanduka na kuvunjika, kana kwamba mchoraji anamnong'oneza mtazamaji: tazama, babu zao walijenga, wao wameketi wanatazama nyoka. Akaonyesha pia kuwa Gérôme ameficha kila alama ya brashi, ili mtu asahau kuwa kuna mchoraji, adhani anatazama kupitia dirishani. Hoja hiyo ya pili twaiona kuwa ndiyo nzito zaidi. Uwongo uliochorwa ovyo haumdhuru mtu. Unaodhuru ni ule uliochorwa kwa vigae vya kweli.

Na asidhani msomaji kuwa haya ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Mwaka 2019, wakati wa uchaguzi wa Bunge la Ulaya, chama cha siasa cha AfD mjini Berlin kilichukua picha nyingine ya Gérôme, Soko la Watumwa ya mwaka 1866, nayo imo humohumo katika jumba la Clark, kikaibandika barabarani ili kuwatisha wapigakura juu ya Waislamu. Wakuu wa jumba hilo walipinga kwa barua, lakini kwa kuwa haki ya picha imekwisha muda wake, hawakuwa na njia ya kukizuia chama hicho. Miaka 153 baada ya rangi kukauka, picha ilikuwa ingali kazini.

Sisi tulitaka kuuona ukuta wenyewe. Kwa hiyo tuliacha vilima vya Massachusetts kwa wenyewe, tukaelekea Istanbul.

Topkapi imejengwa juu ya rasi, pahali ambapo maji matatu yanakutana: Bahari ya Marmara, mlango wa Bosporus na ule mkono wa bahari uitwao Pembe ya Dhahabu. Sultan Mehmet wa Pili alianza kuijenga baada ya kuutwaa mji mwaka 1453. Masultani walikaa humo karne nne, wakahamia kasri jipya la Dolmabahce mwaka 1856. Yafaa tuukumbuke mwaka huo, kwani maana yake ni kwamba Gérôme alipofika mwaka 1875, mwenye nyumba hakuwamo tena. Vigae vilivyobanduka katika nyumba iliyohamwa si dalili ya uvivu wa umma mzima! Na mwaka huohuo wa 1875, mwezi wa Januari, ng'ambo ya Pembe ya Dhahabu ilifunguliwa reli ya chini ya ardhi iitwayo Tünel, inayopandisha watu mlimani, ya pili kwa ukongwe duniani baada ya ile ya London. Hiyo nayo ilikuwa Istanbul. Lakini watu waendao kazini kwa reli hawakuwa na soko huko Paris.

Kabla ya kuingia kasrini, mteremkoni, kuna makumbusho ya mambo ya kale, na hapo yatupasa kumtaja Osman Hamdi Bey. Alizaliwa mwaka 1842, mwana wa waziri mkubwa wa dola. Mwaka 1860 baba yake alimpeleka Paris asome sheria. Yeye akaacha sheria, akaenda kusomea uchoraji kwa Gustave Boulanger na kwa huyu huyu Gérôme. Aliporudi kwao, mwaka 1881 alikabidhiwa makumbusho ya dola. Mwaka 1884 ilitolewa sheria aliyoipigania ya kuzuia vitu vya kale visichukuliwe kwenda Ulaya. Mwaka 1887 alichimba Sidon, Lebanon, akayatoa majeneza ya mawe yaliyowashangaza wataalamu wote. Na mwaka 1891 jengo la kuyahifadhi likafunguliwa. Ndilo hilo tuliloingia.

Katika picha zake Osman Hamdi alitumia zana zilezile za mwalimu wake: vigae, mazulia, vilemba, maandishi ya Kiarabu. Lakini watu wake wamesimama wima. Wanasoma, wanajadiliana, wanafundisha. Picha yake ya mwaka 1880 inayoonyesha msichana aliyezama katika kusoma kitabu iliuzwa London mwaka 2019 kwa zaidi ya pauni milioni 6. Mlinganishe na zile dola 500. Hatusemi kuwa kila alichokichora kingefaa kutundikwa majumbani mwetu. Ipo moja ya mwaka 1901 ambayo mwanamke ameketi juu ya marufaa ya kuwekea msahafu, na vitabu vimetupwa miguuni pake. Hiyo hatukuipenda, wala hatuoni udhuru wake. Mwanafunzi hatoki kwa mwalimu bila ya kubeba na madoa yake.

Jambo jingine lililotushughulisha ni kwamba siku hizi wanaozinunua picha za wachoraji hao wa Kizungu wengi wao ni Waislamu. Qatar imekusanya nyingi. Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu ya Kuala Lumpur, Malaysia, yanazo nyingi vilevile, na mwaka 2019 yaliliazima jumba la British Museum la London kwa maonyesho makubwa. Wako wanaolaumu. Sisi twaona kuwa mwenye nyumba akiiona picha ya nyumba yake iliyochorwa na jirani mfitini, anaweza bado kuitazama kwa ajili ya mlango na madirisha ambayo wakati umekwisha kuyabomoa. Ila aiweke pahali ambapo watoto watamwuliza, naye awe tayari kuwajibu.

Tukaingia kasrini. Katika sehemu ya harem kuna njia ndefu nyembamba iitwayo Altin Yol, yaani Njia ya Dhahabu, na pande zake zina vigae vya karne ya 16 vilivyotoka katika tanuri za Iznik, mji ulio kando ya ziwa, kusini mashariki ya Istanbul. Mafundi wa Iznik walisaga mawe ya kwatzi yakawa unga, wakafanya udongo mweupe; juu yake wakachora kwa buluu ya kobalti, na kijanibuluu, na kuanzia katikati ya karne hiyo kwa wekundu uliovimba kidogo kama nta; kisha wakafunika yote kwa kioo chembamba na kuyachoma motoni. Ukipitisha jicho kwa upande, utauona wekundu huo umeinuka. Picha ya Gérôme, pamoja na ustadi wake wote, haiwezi kuonyesha hilo. Harem iliungua vibaya mwaka 1665, ikajengwa upya, na vigae vingi vikahamishwa kutoka ukuta hadi ukuta, ndiyo maana pahali pengine maua hayakutani sawasawa. Hayo ni makovu ya nyumba iliyokaliwa na kutengenezwa.

Kutoka hapo tulitokea kwenye uwanda wa marumaru unaotazama Pembe ya Dhahabu. Pana kibanda kidogo chenye paa la shaba iliyopakwa dhahabu, cha mwaka 1640, ambapo masultani walifuturu jioni za Ramadhani wakilitazama jua likizama upande wa pili wa maji. Kando yake ni Kibanda cha Baghdad, kilichojengwa na Sultan Murad wa Nne mwaka 1639. Tulivua viatu vya mawazo, kama wasemavyo washairi, tukaingia. Kuta ni za buluu tangu chini hadi juu, na mkanda wa aya, herufi nyeupe juu ya buluu, umezunguka chumba chote.

Ndani walikuwamo vijana wa Kituruki, wanafunzi, wameinua nyuso. Waturuki waliacha herufi za Kiarabu mwaka 1928, na tangu hapo wengi wao hawawezi kuyasoma maandishi ya babu zao. Kijana mmoja alipoona midomo yetu inatembea, alitukaribia akauliza kwa Kiingereza chake cha shule kama twajua yaliyoandikwa. Tukamwambia kuwa twajua kusoma. Akatuonyesha mwanzo wa mkanda kwa kidole, karibu na mlango, tukaanza kumsomea taratibu, naye akazunguka chumba pamoja nasi, kidole kikifuata herufi.